Kweli au Uongo: Mashindano ya Tivii Yameua Muziki?

Pale Kikoneni kahawa tungu huuzwa, lakini hukumu hutolewa bure. Jioni moja bandani, kijana wa boda boda alikuwa akitazama kwenye simu kipande cha zamani cha Tusker Project Fame, shindano la kuimba la tivii: msichana amesimama kwenye mwanga, majaji wamekunja nyuso, na ngoma ya kutia hofu inasubiri jina la atakayetoka. Simu ikapita mkono kwa mkono, Mdigo akampa Mduruma, Mduruma akampa Mkamba, hadi ikamfikia mzee mmoja mpiga nzumari. Akatazama mpaka mwisho, akamrudishia mwenyewe, akasema, "Hawa, mwanangu, ndio waliotuulia muziki."

Banda zima likaitikia. Nami nikaitikia, maana si rahisi kumbishia mtu aliyekupigia nzumari harusini kwako. Lakini njiani nikirudi nyumbani nikayahesabu tuliyoyasema usiku ule, nikapata madai saba. Nilipoyapima moja moja, si yote yaliyosimama. Haya hapa, na hukumu yangu chini ya kila moja.

Dai la 1: "Kushindanisha waimbaji ni desturi ya kigeni."

UONGO, tena mkubwa.

Pwani yetu ilikuwa ikishindanisha ngoma kabla tivii haijazaliwa. Beni, ile ngoma ya gwaride na tarumbeta iliyoanzia miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, haikuwahi kuwa ya upande mmoja. Mombasa palikuwa na Kingi na Scotchi, na kila upande ulishona sare, ukakopa, ukachinja na ukalisha mji mzima ili mwenziwe aone haya. Wanawake walikuwa na lelemama. Vyama vya Ibinaal Watan na Banu Saada vilirushiana mafumbo makali hata mtu akawa hamwamkii jirani yake kwa ajili ya beti mbili. Tanga ilikuwa na Black Star na Lucky Star katika taarabu. Dar es Salaam ya miaka ya 1990 ikagawanyika kati ya makundi mawili, TOT ya Khadija Kopa na Muungano ya Nasma Khamis, na mipasho ikapata soko ambalo haijalipoteza mpaka leo.

Shuleni nako ni hivyo hivyo. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, na tangu hapo vizazi vya watoto vimesimama mbele ya waamuzi wenye kalamu na karatasi. Huku Kwale, mtu mzima mwenye kayamba ya kabatini huenda aliishika mara ya kwanza kwa sababu mwalimu alitaka shule ipite ngazi ya wilaya.

Basi mashindano si mgeni. Kilichogeuka ni jambo jingine, na nitalirudia.

Dai la 2: "Muziki wa kutengenezwa kwa ajili ya soko hauna roho."

UONGO.

Nenda Diani jioni yoyote, upite nyuma ya hoteli wageni wakiwa kwenye chakula cha usiku. Kuna uwezekano mkubwa utasikia Jambo Bwana. Wimbo huo haukushuka kwa njozi. Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms, bendi ya ndugu kutoka Kaloleni iliyokuwa ikipiga mahotelini, aliupanga kwa salamu ambazo mtalii angeweza kuzishika kabla likizo yake haijaisha. Ulitoka mwanzoni mwa miaka ya 1980, na haukuchukua muda Boney M wakaurekodi kwao Ulaya. Ulikuwa bidhaa ya duka, imefungwa vizuri, na bei imewekewa mgeni.

Je, uliwaharibu waliouimba? Bendi ile ile ilirekodi rege na chakacha, ikakaa studio na mzee Fundi Konde kuzirudisha nyimbo zake za zamani masikioni mwa vijana. Pesa ya mtalii ililisha kazi nyingine. Hata Marekani, The Monkees walikusanywa kwa tangazo la mwaka 1965 ili wacheze bendi katika kipindi cha tivii, na nyimbo zao bado zinachezwa. Roho ya wimbo haitazami ulizaliwa wapi.

Dai la 3: "Kundi lililoundwa na kampuni ya soda halifiki popote."

NUSU KWELI.

Hapa tuna kipimo chetu wenyewe. Mwaka 2004 Coca-Cola Pop Stars ilipita Afrika Mashariki ikichuja vijana wasiojuana, watatu watatu, na kuwafunga pamoja. Mfumo wenyewe ulianzia New Zealand mwaka 1999. Kenya ikapata Sema: Sanaipei Tande, Pam Waithaka na Kevin Waweru. Uganda ikapata Blu*3: Lilian Mbabazi, Jackie Chandiru na Cindy Sanyu. Tanzania ikapata Wakilisha: Langa Kileo, Witness Mwaijaga na Sarah Kaisi, ambaye tunamjua kama Shaa.

Kama makundi, wenye dai wana hoja. Sema walitamba na Leta Wimbo, kisha kila mtu akashika njia yake. Wakilisha nao hawakukaa. Blu*3 ndio waliodumu, na hata wao walibadilisha mtu kabla ya kuachana. Nyumba iliyojengwa na watu wasiochaguana hupata nyufa mapema.

Ila watazame watu wenyewe. Sanaipei, binti aliyekulia Mombasa, aliimba peke yake, akatangaza redioni, akaigiza katika tamthilia ya Kina, na mpaka leo akiimba Kiswahili unasikia pwani ndani yake. Cindy alitoka Blu*3 akawa miongoni mwa wasanii wakubwa wa Uganda, akafika hadi kuongoza chama cha wanamuziki wa nchi hiyo. Langa alikuwa na jina katika hip hop ya Bongo hadi alipofariki mwaka 2013. Shaa aliendelea kutoa nyimbo miaka mingi baada ya kundi kufa. Watu tisa, na zaidi ya nusu yao waliishi kwa muziki baada ya soda kukauka. Nitajieni kazi nyingine ya vijana tisa iliyofanikiwa kiasi hicho.

Dai la 4: "Mshindi husahaulika kabla ya mwaka kuisha."

NUSU KWELI, na nusu yenyewe inauma.

Tusker Project Fame ilianza mwaka 2006. Valerie Kimani wa Kenya akashinda, akatupa Baisikeli, na waliokuwa vijana wakati ule bado wanaiimba. Mwaka 2008 alikuwa Esther Nabaasa wa Uganda, 2009 Alpha Rwirangira wa Rwanda, 2010 Davis Ntare wa Uganda, 2012 Ruth Matete wa Kenya, na 2013 Hope Irakoze wa Burundi. Uliza bandani majina hayo sita. Utapata mawili, labda matatu.

Sasa ugeuze swali, uwaulize wasioshinda. Patricia Kihoro hakuchukua taji mwaka 2009, lakini sauti yake tumeisikia redioni na sura yake tumeiona kwenye filamu. Peter Msechu alipita Bongo Star Search ya Tanzania, akapita na Project Fame, na jina lake bado liko midomoni mwa Watanzania. Harmonize alisimama mbele ya majaji wa Bongo Star Search akarudishwa nyumbani, na leo anajaza viwanja. Kwingine ni hivyo hivyo: One Direction walikuwa wa tatu katika shindano la Uingereza mwaka 2010, na Jennifer Hudson alitolewa American Idol akiwa wa saba mwaka 2004, kisha akachukua Oscar.

Sababu si uchawi. Mshindi hukabidhiwa hundi na ratiba: atasafiri na mdhamini, ataimba penye bango la mdhamini, na zile wiki ambazo watu bado wanamkumbuka zinaishia kwenye hafla badala ya studio. Aliyetolewa wiki ya nne ana jina dogo, hana hundi, na kesho yake asubuhi lazima amtafute prodyuza. Njaa humtuma mapema.

Dai la 5: "Kura za simu ni wingi wa watu tu. Nchi kubwa hushinda."

UONGO.

Hili ndilo dai linalotetewa kwa sauti kubwa kuliko yote bandani, na ndilo rahisi kulipima. Rudi kwenye majina sita hapo juu: Kenya mara mbili, Uganda mara mbili, Rwanda mara moja, Burundi mara moja. Tanzania, yenye watu wengi kuliko zote hizo, haikuchukua hata msimu mmoja. Ingekuwa ni hesabu ya vichwa, Hope Irakoze angerudi Bujumbura mikono mitupu.

Kura ya ujumbe mfupi ina dosari yake, lakini ni nyingine: hupiga mwenye salio. Mama wa Kikoneni anayependa sauti ya mtoto fulani hatatuma ujumbe wa kulipia mara ishirini, na kijana wa mjini mwenye mshahara atatuma. Kwa hiyo sauti inayopita ni ile inayowapendeza wenye kutuma, na ladha ya Nairobi na Kampala hupimwa kama ndiyo ladha ya sote.

Dai la 6: "Mashindano haya yanaua utunzi na ala."

KWELI kwa sehemu kubwa, na hapa ndipo mzee wetu alipostahili kuitikiwa.

Mashindano ya kuimba ya tivii hutaka sauti moja, wimbo ambao watazamaji wanaujua tayari, na muda usiozidi dakika chache. Mshiriki hujifunza kupumua, kusimama, kufika juu bila kupasuka. Hayo ni mafunzo halali, na wengi hawangeyapata popote. Lakini wiki baada ya wiki huimba maneno ya mtu mwingine. Siku akitoka kwenye jumba la mashindano anajua kuimba kila kitu ila chake mwenyewe. Tazama walioiteka Afrika Mashariki yote: Ali Kiba, Diamond, Sauti Sol. Hakuna aliyetokea jumba la mashindano ya tivii, na wote walikuja na nyimbo walizozitunga.

Halafu kuna ala. Nimewahi kukaa hatua mbili kutoka kwa yule mzee sengenya ikichezwa. Mashavu yamejaa kama ya samaki bunju, pumzi inaingia puani huku nyingine ikitoka kinywani, na sauti ya nzumari haikatiki hata mara moja. Kando yake chapuo zinajibizana, bumbumbu linanguruma chini, chuma cha upatsu kinaweka mstari ambao kila mguu unaufuata. Wimbo wenyewe nusu yake hutungwa pale pale: jina la bwana harusi linaingizwa, mjomba aliyechelewesha mambo ya mahari anaguswa kwa fumbo, na akina mama wanaitikia kwa vigelegele kabla mjomba hajaelewa.

Hebu uweke hayo mbele ya majaji watatu. Nani ndiye "mshiriki"? Mpiga nzumari, mwimbishaji, mpiga chapuo, au yule mama wa kigelegele anayejua wakati wa kuupandisha mchezo? Ngoma ile haina mtu wa kutolewa, kwa sababu ukimtoa yeyote haipo tena. East Africa's Got Talent ya mwaka 2019 ilifungua mlango kwa vikundi na michezo ya aina zote, na walioshinda ni Esther na Ezekiel, mtu na nduguye kutoka Uganda. Ilikuwa na msimu mmoja tu. Nje ya hapo mlango umebaki wa upana wa mtu mmoja na kipaza sauti. Kijana wa Kikoneni anayetazama hujifunza, bila kuambiwa na mtu, kuwa muziki ni koo na uso, na kwamba nzumari ni kitu cha kuwachezea viongozi wakija kuzindua kisima.

Hasara hiyo haiandikwi kwenye hesabu za kampuni yoyote, lakini ni ya kweli.

Dai la 7: "Yakifutwa mashindano, muziki utapona."

UONGO, na ushahidi uko mbele yetu.

Msimu wa mwisho wa Tusker Project Fame ulikuwa wa mwaka 2013. Kama ndiyo iliyokuwa sumu, mgonjwa amekuwa bila sumu zaidi ya miaka kumi. Je, alisimama? Gengetone ilizuka mwaka 2018 kupitia YouTube, bila jaji wala jumba, na nayo ikalalamikiwa vile vile kuwa inaua muziki. Wakati huo huo, mwaka 2019, wanachama wa chama cha kukusanya mirabaha cha MCSK walipolipwa takriban shilingi 2,500 kila mmoja katika mgao wa jumla, wasanii wakubwa walilitangaza hilo hadharani kwa hasira. Si washiriki wa Project Fame waliowanyang'anya pesa zao. Nyimbo zilichezwa matatuni, mabaani na hotelini mwaka mzima, na hicho ndicho kilichobaki.

Tazama na milio ya simu ya Skiza, iliyoanza mwaka 2009. Kwa miaka mingi mwenye wimbo alibaki na kipande kidogo baada ya kampuni ya simu na madalali wa katikati kujigawia. Ililazimu sheria ya hakimiliki irekebishwe mwaka 2022 ndipo ikaandikwa kuwa msanii au mwenye haki asipate chini ya asilimia 52. Hilo lilikuwa pigano la muziki lenyewe, na halikuonyeshwa saa mbili usiku na moshi wa jukwaani.

Waingereza nao walifundishwa somo hili kwa kicheko. Mwaka 2009 walichoka kuona mshindi wa X Factor akishika namba moja kila Krismasi. Wakafanya kampeni na kununua wimbo wa zamani wa Rage Against the Machine, wakamshinda Joe McElderry. Furaha ikajaa. Ila wimbo wa mshindi na wimbo wa waasi zote mbili zilikuwa za kampuni moja, Sony. Walibadilisha sauti, mfuko ukabaki ule ule.

Basi mwenye kutaka kwenda, aende?

Yule kijana wa boda boda ana sauti. Anarekodi Ukunda akipata pesa, na wimbo wake mmoja umewahi kupita redioni usiku. Aliniuliza kama akisikia mchujo umefika Mombasa ajaribu. Nilimwambia ajaribu, lakini aende na maswali manne mfukoni. Rekodi nitakazofanya humo ni za nani? Mkataba unanifunga muda gani baada ya fainali, na je, unanifunga hata nikitolewa wiki ya kwanza? Nikitunga wimbo nikiwa ndani, jina litakaloandikishwa ni la nani? Na la mwisho, ambalo hakuna mwenye jukwaa atakayelijibu: Jumatatu baada ya kipindi kwisha, nani atakuwa ananisubiri?

Swali hilo la nne ndilo ninaloona limepotea kati ya lelemama na tivii. Waliomhukumu mwimbaji wa Kingi walikuwa majirani zake. Walimcheka uwanjani, na mwezi uliofuata wakamwita kwenye harusi ya binti yao. Mtazamaji wa tivii hupiga kura, huzima, hulala. Si mkatili. Hana tu harusi ya kumwalika.

Nilirudi bandani siku chache baadaye na hukumu zangu saba. Mzee akasikiliza, akakubali mbili, akakataa tatu, nyingine akazipuuza. Nikamuuliza: zamani, ngoma za pande mbili zilipokutana, mshindi alipewa nini?

Akafikiri kidogo, akapuliza kahawa. "Alialikwa tena."

Kijana wa boda boda akadakia, "Na aliyeshindwa, babu?"

"Naye alialikwa. Wangecheza na nani?"